Faida ya seti za mota za baiskeli iko kwenye kuseti, si kwenye boksi

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotupia jicho biashara ya seti za mota za kugeuza baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme wanapaswa kupiga hesabu upya kabla ya kuagiza mzigo. Bidhaa yenyewe ni nzuri. Haihitaji duka kubwa, haiozi, na inafungwa kwenye baiskeli ambazo tayari ziko mitaani. Tatizo ni kwamba ni rahisi kuinunua na kuiuza kama redio au pasi: boksi linafika, linauzwa, fedha inaingia, mteja anaondoka.

Seti ya mota haiuziki hivyo. Boksi linapofunguliwa, ndani yake kuna vipande ambavyo havijui vitafungwa kwenye baiskeli gani, vitalishwa na betri ya aina gani na vitabeba mzigo wa kilo ngapi. Kazi ya kuvijulisha ndiyo inayoitwa kuseti, na ndiyo inayoamua kama mzigo utaleta faida au utarudi dukani mmoja mmoja ukiwa na mteja mwenye hasira.

Kwa kawaida seti huwa na mota, kontrola, skrini ndogo ya kufunga kwenye usukani, sensa ya pedali, mkono wa kuongezea kasi na mikono ya breki yenye swichi za kukata umeme. Kati ya hivyo, kontrola ndiyo mtunza stoo. Ndiyo inayoamua umeme kiasi gani utoke kwenye betri, utoke kwa kasi gani na usimame lini. Skrini ni dirisha tu la kuzungumza na mtunza stoo huyo. Mtunza stoo aliyepewa maagizo ya stoo nyingine atafanya kazi kwa bidii, lakini atamaliza mali ya mwenye stoo.

BETRI HUNUNULIWA KWINGINE

Hasara kubwa huanzia kwenye betri. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kubebwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwa ndege za mizigo na meli kuna masharti ya ufungaji na vyeti vya majaribio. Ndiyo maana seti nyingi huuzwa bila betri, na mteja huachiwa kazi ya kuitafuta mwenyewe. Wapo wanaopata betri iliyounganishwa na fundi kwa seli za duara, wapo wanaochukua betri ya lithiamu ya sola, na wapo wanaofunga betri nne za risasi za volti 12, kwa kuwa ndizo zinazojulikana na kupatikana kirahisi.

Betri zote hizo zitaandikwa “volti 48”, lakini hazifanani. Betri ya lithiamu ya kawaida ya volti 48 ina seli 13 zilizofuatana. Ikijaa hufika volti 54.6, na haipaswi kushushwa chini ya volti 39 au 40 hivi. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo hutumika sana kwenye sola, ina seli 16. Ikijaa hufika volti 58.4, na kikomo chake cha chini ni kama volti 40. Betri nne za risasi hazipaswi kushuka chini ya volti 42, yaani volti 10.5 kwa kila moja.

Sasa achukuliwe mteja aliyefunga betri nne za risasi kwenye kontrola ambayo kiwanda kimeiseti kukata umeme kwenye volti 40. Kila siku atakapoiendesha mpaka ikate, betri zitakuwa zimeshushwa volti 2 chini ya mahali zilipopaswa kuachwa. Betri ya risasi haisamehi jambo hilo. Itaanza kupoteza uwezo wake mapema mno, na mteja hatasema ameharibu betri. Atasema mota ya duka fulani inakula betri, na maneno hayo yatafika kijiweni kabla ya tangazo lolote la biashara.

Kuzuia hasara hiyo hakuhitaji kifaa. Kwenye kontrola za aina ya KT, ambazo hutumika kwenye seti nyingi za bei nafuu, kuna kipengele kinachoitwa C12 kwenye menyu ya skrini. Namba ya kiwandani ni 4, na kila namba inayoongezwa hupandisha kikomo cha chini kwa nusu volti. Kwa kontrola ya volti 48, namba 7 hufikisha kikomo kwenye volti 41.5, karibu kabisa na kile ambacho betri ya risasi inahitaji. Kubonyeza vitufe hivyo hakuchukui hata dakika tano. Kuuza bila kuvibonyeza ni kumuuzia mteja betri nne za kutupa.

Ni vizuri pia muuzaji amweleze mteja ukweli kuhusu vimistari vya betri vinavyoonekana kwenye skrini. Vimistari vile hupima volti, havipimi umeme uliobaki. Kwenye betri ya fosfeti ya chuma, ambayo volti yake hukaa palepale kwa muda mrefu, skrini iliyotengenezwa kwa lithiamu ya kawaida inaweza kuonyesha hali nzuri mpaka karibu na mwisho, kisha baiskeli ikazimika ghafla. Mteja aliyeambiwa mapema atajipanga. Asiyeambiwa atarudisha skrini akidai ni mbovu.

AMPEA NI MATUMIZI

Jambo la pili ni ampea. Mteja husikia wati na kasi, ampea hazimvutii. Lakini ampea ndizo matumizi ya kila siku ya biashara hii. Kontrola ya ampea 25 kwenye volti 48 inaweza kuvuta wati 1,200. Betri ya volti 48 yenye saa-ampea 10 ina akiba ya wati-saa 480. Ikivutwa kwa nguvu zote bila kupumzika itaisha ndani ya dakika 24. Kontrola hiyohiyo ikizuiwa isizidi ampea 12, itavuta wati 576 na betri itadumu dakika 50. Barabarani hakuna anayevuta kwa nguvu zote muda wote, lakini uwiano unabaki uleule: anayepunguza ampea ananunua umbali, anayeongeza ampea anauza umbali.

Lipo pia suala la uwezo wa betri yenyewe. Betri iliyounganishwa kwa safu nne za seli, ambapo kila seli inaruhusiwa kutoa ampea 5, haipaswi kuombwa zaidi ya ampea 20. Ikifungwa kwenye kontrola ya ampea 25, itakwenda vizuri kwenye barabara tambarare. Siku mteja anapopanda mlima kuelekea Bugando jijini Mwanza akiwa na madumu matano ya maji, yaani kilo 100 nyuma yake, kontrola itaomba ampea 25. Ama bodi ya ulinzi ya betri itakata umeme katikati ya mlima, ama, kama bodi ni ya bei rahisi, seli zitapata joto na kuchakaa kabla ya wakati.

Kwenye kontrola za KT kipengele kinachohusika ni C5. Namba 10 maana yake ni ampea zote. Namba 6 hugawa ampea kwa 1.25, hivyo 25 zinakuwa 20. Namba 3 hugawa kwa 2. Muuzaji anayejua namba hizo tatu anaweza kuioanisha seti moja na betri za aina nyingi, badala ya kumfukuza mteja ambaye betri yake ni ndogo.

Mota za kati, zile zinazofungwa kwenye ekseli ya pedali, zina utaratibu mwingine. Kampuni ya Bafang ya Suzhou, China, iliyoanzishwa mwaka 2003, hutengeneza mota ya BBS02 ya wati 750 yenye kontrola ya ampea 25, na BBSHD ya wati 1,000 yenye ampea 30. Kwenye mota hizo, mipangilio ya msingi kama ampea na kikomo cha chini cha volti haimo kwenye menyu ya kawaida ya skrini. Hubadilishwa kwa waya maalumu unaounganisha kontrola na kompyuta. Zaidi ya hayo, matoleo mapya yanayotumia mawasiliano ya aina ya CAN hayakubali waya ule wa zamani; yanahitaji kifaa cha wakala wa kampuni. Anayeagiza mzigo bila kuuliza ni toleo lipi anaweza kujikuta na mota 20 ambazo hawezi kuzigusa ndani.

TAIRI, KILOMETA NA MAILI

Jambo la tatu linaonekana dogo, lakini huzua ugomvi wa udhamini. Skrini hukokotoa kasi na umbali kwa kutumia ukubwa wa tairi ulioandikwa kwenye menyu. Baiskeli ngumu za kubebea mizigo zilizozoeleka Afrika Mashariki, kama Phoenix ya kutoka China, nyingi zina tairi za inchi 28, ambazo mzunguko mmoja ni kama meta 2.22. Tairi ya inchi 26 ya baiskeli za milimani mzunguko wake ni kama meta 2.05.

Skrini iliyosetiwa inchi 26 ikifungwa kwenye baiskeli ya inchi 28 itapunja kwa karibu asilimia 8. Baiskeli iliyotembea kilometa 1,000 itaonyesha 922 hivi. Kikomo cha kasi kilichowekwa kilometa 25 kwa saa kitamruhusu mwendeshaji afike 27 bila kujua. Kwa muuzaji anayetoa udhamini kwa kilometa, au kwa mwenye baiskeli anayemkodishia kijana kwa hesabu ya umbali, hiyo ni fedha inayovuja kila siku.

Aidha, bidhaa hizi hutengenezwa kwa ajili ya masoko tofauti. Umoja wa Ulaya na Uingereza huchukulia baiskeli ya umeme kuwa ni baiskeli ya kawaida iwapo mota yake haizidi wati 250 na msaada wake unakoma kwenye kilometa 25 kwa saa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inataja mota iliyo chini ya wati 750 na kasi iliyo chini ya maili 20, sawa na kilometa 32. Kwa sababu hiyo, mzigo uliotengwa kwa Ulaya unaweza kuja umefungwa kwenye 25, na uliotengwa kwa Marekani ukaja unasoma maili. Mwendeshaji anayeona “20” kwenye skrini akidhani ni kilometa, kumbe ni maili, yuko kwenye kilometa 32 kwa saa. Anayeagiza anapaswa kuandika kwenye fomu ya oda ukubwa wa tairi, volti, kikomo cha kasi na kipimo anachotaka, badala ya kupokea masalia ya soko la mtu mwingine.

BREKI ZA VYUMA NA MKONO WA KASI

Jambo la nne ni la usalama, na hapo hakuna nafasi ya mzaha. Mikono ya breki inayokuja kwenye seti ina swichi inayokata umeme mara mwendeshaji anaposhika breki. Mikono hiyo imetengenezwa kwa breki za waya. Baiskeli nyingi za mizigo zina breki za vyuma, na mikono hiyo haifungiki. Fundi huiacha kwenye boksi, na baiskeli inatoka ikiwa na mota yenye nguvu isiyojua kwamba mwendeshaji anashika breki.

Kama swichi ya breki haipo, mipangilio lazima ichukue sehemu ya kazi yake: kasi ishushwe, ampea zipunguzwe na mota ianze taratibu. Mkono wa kasi nao ukaguliwe. Mikono mingi ya aina hii hutoa karibu volti 0.8 hadi 1 ikiwa haijaguswa. Kontrola iliyosetiwa kuanza kazi chini ya kiwango hicho itadhani mwendeshaji ameshazungusha mkono. Matokeo yake ni mota kukataa kufanya kazi au, vibaya zaidi, baiskeli kuondoka yenyewe ikiwa imeegeshwa mbele ya duka. Jaribio la kuinua gurudumu lenye mota juu na kuwasha umeme, kabla ya mteja kupanda, halina gharama yoyote.

Chaja nayo isisahaulike. Chaja ya volti 58.4 iliyotengenezwa kwa fosfeti ya chuma haipaswi kukaribia betri ya volti 54.6, hata kama plagi inaingia vizuri. Jiji la New York lilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu katika mwaka 2023, ambapo watu 18 walikufa. Kuanzia Septemba mwaka huo, sheria ya jiji hilo ilizuia kuuza baiskeli za umeme na betri zake zisizothibitishwa kwa viwango vya usalama vilivyowekwa. Soko lililoachwa lijiendeshe kwa bei rahisi lilifungiwa mlango na serikali, na waliokuwa na bidhaa duni stoo walibaki nazo.

HOJA ZA WAUZAJI

Muuzaji asiyetaka kuseti hakosi hoja. Ya kwanza ni kwamba kiwanda kimeshaseti. Ni kweli, lakini kiwanda kimeseti kwa betri na tairi ya mtu wa wastani asiyeishi Mwanza wala Kisumu. Ya pili ni kwamba kuseti ni kazi ya fundi wa mteja. Fundi baiskeli anajua spoku, rimu na mnyororo kuliko mtu yeyote, lakini kitabu cha maelekezo hukaa dukani au hutupwa na boksi, na mara nyingi hakijaandikwa kwa Kiswahili. Kumtarajia aseti bila kumpa namba ni kumtwisha lawama asiyostahili.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mteja anataka mbio, na muuzaji anayemzuia atampoteza kwa jirani. Hata hivyo, mteja wa baiskeli ya mizigo hanunui mbio. Ananunua safari zaidi kwa siku bila kuchoka. Akionyeshwa kwa hesabu kwamba ampea pungufu zinamwongezea safari na kumtunzia betri, ataelewa haraka kuliko wengi wanavyodhani. Yule anayeng'ang'ania mbio tu ndiye atakayerudi na betri iliyokufa akidai udhamini.

Hesabu ya mtaji inathibitisha hilo. Mfanyabiashara anayenunua seti kwa 100 na kuiuza kwa 120, seti moja ikirudi na ikawa ya kutupa baada ya kurejesha fedha ya mteja, amepoteza 100. Anahitaji kuuza seti nyingine tano zisizo na tatizo ili arudi alipokuwa. Nusu saa ya kuseti ni rahisi kuliko seti tano.

Wapo waliolitambua hilo kwa njia nyingine. Kampuni ya Ampersand ya Kigali, ambayo ilianza biashara ya pikipiki za umeme mwaka 2019, imejijenga juu ya vituo vya kubadilishia betri, ambapo betri ni mali ya kampuni na si ya dereva. Mwenye betri ana sababu zote za kuhakikisha haiharibiwi. Muuzaji wa seti za baiskeli hana vituo wala mtaji wa aina hiyo, lakini somo linamhusu: anayebeba hasara ya betri ndiye anayepaswa kushika mipangilio.

KADI YA MIPANGILIO

Kabla ya kutoa oda, mwagizaji anapaswa kuhakikisha skrini na kontrola vinatoka kwa mtengenezaji mmoja. Plagi za kuzuia maji zenye pini tano hufanana, na skrini ya aina moja inaingia kwenye waya wa kontrola ya aina nyingine bila shida, lakini haviongei lugha moja. Kwenye Bafang, namba 30 kwenye skrini ni dalili ya mawasiliano yaliyokatika, na 21 ni hitilafu kwenye sensa ya kasi, ambayo mara nyingi ni sumaku iliyosogea kwenye spoku. Muuzaji anayejua namba hizo mbili hataita mota mbovu kwa sababu ya sumaku.

Kinachotakiwa dukani ni kadi moja tu kwa kila seti. Iandikwe aina na volti za betri, kikomo cha chini, ampea, ukubwa wa tairi, kikomo cha kasi, kipimo cha kilometa na volti za chaja. Muuzaji aijaze mbele ya mteja, wote wawili waisaini, nakala moja ibaki dukani. Udhamini utolewe kwa mipangilio iliyo kwenye kadi, na anayeibadilisha ajue amejiondoa. Kazi hiyo itozwe fedha kama huduma, kwa sababu ndiyo huduma yenyewe.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza mtaji wake kwenye duka la namna hii asianze kwa kuuliza bei ya mota China. Hiyo kila mtu anaijua, na kesho jirani ataipata kwa bei ndogo zaidi. Aombe kuona kadi za seti zilizouzwa mwezi uliopita. Kama hazipo, ajue anaalikwa kununua maboksi, na maboksi hayajawahi kumfuata mteja nyumbani kumweleza kwa nini betri yake imekufa.